Puliza Hapa Tujue Tumbo Lina Nini

Na mwanachama wa Kidato cha Tatu

Kuna watu wanaodai ati Kiswahili ni lugha ya hadithi na mashairi tu, na kwamba mambo ya maabara hayawezi kuelezwa isipokuwa kwa Kiingereza. Mwaka huu nimeamua kuwajibu kwa vitendo. Nimechagua jambo ambalo wengi hulionea haya kulitaja mbele za watu, nalo ni gesi ya tumbo. Msicheke. Wahenga walinena kuwa mficha maradhi kilio humfichua, na maradhi ya tumbo ndiyo yanayofichwa kuliko yote.

Hapa kwetu Nyeri, na hata ukipanda hadi Nanyuki au ukishuka hadi Karatina na Kerugoya, ugonjwa wa tumbo una majina matatu tu: vidonda, amiba na taifodi. Mtu akifura tumbo baada ya kula, jirani wa kwanza atamwambia, "Hizo ni vidonda, wacha pilipili." Wa pili atasema, "Hiyo ni amiba." Wa tatu atamwelekeza kwenye duka la dawa, na pengine huko auziwe vidonge vya rangi mbili bila kuulizwa swali hata moja.

Kuna mzee mmoja kijijini kwetu aliyefanyiwa upasuaji wa tumbo miaka mingi iliyopita. Baadaye alianza kufura tumbo likawa kama ngoma, akawa anahara mara kwa mara, akakonda hata suti yake ya kanisani ikawa inamning'inia. Watu walisema mengi. Wengine walinong'ona kuwa amerogwa. Alimeza dawa za vidonda, za amiba na za taifodi, kila moja kwa zamu yake, kwa karibu miaka miwili. Miguu ilipoanza kufa ganzi ndipo mwanawe alipompeleka kwa daktari wa matumbo jijini Nairobi. Daktari hakumpasua. Alimwambia tu, "Mzee, puliza hapa." Mzee alidhani ni mambo ya Alcoblow ya polisi wa trafiki, akaanza kujitetea kuwa hajaonja pombe tangu aokoke!

Kilichokuwa kikimsumbua ni kuzidi kwa bakteria ndani ya utumbo mwembamba. Basi twende pole pole, tuone maradhi hayo ni nini, na ni vipi pumzi ya mdomoni inaweza kufichua yaliyojificha tumboni.

NYUMBA NA WAPANGAJI WAKE

Chakula kikitoka kwenye mfuko wa tumbo huingia utumbo mwembamba. Huu ni mrija mrefu sana, kama mita 6 kwa mtu mzima, uliokunjwa kunjwa ukatoshea. Hapa ndipo chakula kinapomeng'enywa na kufyonzwa kwenda kwenye damu. Masalio huendelea hadi utumbo mpana, ambao una urefu wa kama mita moja na nusu.

Sasa, bakteria si wageni mwilini. Katika utumbo mpana wamejaa kama watu soko la Karatina siku ya soko. Gramu moja tu ya uchafu wa humo inaweza kuwa na bakteria 100,000,000,000. Hao ni wapangaji halali, na wana kazi zao. Lakini katika sehemu ya juu ya utumbo mwembamba mambo ni tofauti kabisa. Huko kwa kawaida hawafiki 1,000 katika mililita moja ya maji maji ya utumbo.

Ni nini kinachowazuia wasipande? Walinzi ni kadhaa. Wa kwanza ni asidi ya tumbo, inayoua wengi wanaoingia na chakula. Wa pili ni nyongo. Wa tatu ni ufagio: mtu akiwa hajala, utumbo hujikaza kwa mawimbi kila baada ya saa moja na nusu hivi au mbili, ukafagia masalio na bakteria kuelekea chini. Wa nne ni lango lililo kati ya utumbo mwembamba na utumbo mpana, linalozuia mambo ya chini yasirudi juu. Aidha, kuna kinga ya mwili yenyewe.

Mlinzi mmoja akilala, wapangaji huhamia kusikokuwa kwao. Ufagio unaweza kuharibika kwa mtu aliyeugua kisukari kwa miaka mingi, manake neva za utumbo huumia. Upasuaji unaweza kuacha kona ambapo chakula hutuama kama maji ya mtaro ulioziba. Kifua kikuu kinaweza kushika utumbo na kuufanya uwe mwembamba mahali fulani. Dawa kali za kupunguza asidi zikitumiwa muda mrefu huondoa yule mlinzi wa kwanza. Uzee nao huchangia.

Bakteria wakishajazana huko juu, wanakula chakula kabla ya mwenyewe kukifyonza. Huharibu nyongo, na mafuta yakakosa kumeng'enywa. Hunyakua vitamini B12, ambayo mwili huihitaji kwa damu na neva. Ndiyo sababu yule mzee alikonda ilhali anakula, na ndiyo sababu miguu yake ilikufa ganzi. Haikuwa uchawi. Alipotibiwa bakteria na kudungwa sindano za B12, alianza kunenepa, na siku hizi hupanda mlima wa kwenda kanisani kwa miguu yake mwenyewe.

GESI INAFIKAJE KWENYE PUMZI?

Wenzangu wa kemia mnaijua haidrojeni. Ni ile gesi nyepesi kuliko zote, ambayo ukiisongezea kijiti kinachowaka hulia "pop!" na darasa zima hushangilia. Jambo la ajabu ni kwamba seli za mwili wa binadamu hazitengenezi gesi hiyo hata chembe. Haidrojeni ikionekana katika pumzi yako, imetengenezwa na bakteria walioichachusha sukari ndani ya matumbo yako.

Safari yake ni hii. Bakteria hula sukari na kutoa haidrojeni. Sehemu ya gesi hiyo hutoka kwa njia ile ambayo sisi hulaumiana darasani. Sehemu nyingine hupenya ukuta wa utumbo, ikaingia kwenye damu, ikapelekwa mapafuni na kutoka na pumzi. Hata Alcoblow hutegemea njia kama hiyo: pombe iliyo kwenye damu hupita mapafuni na kujitokeza mdomoni. Damu haina siri mbele ya mapafu.

Mwaka wa 1969, daktari Mmarekani Michael Levitt alichapisha utafiti wake kuhusu jinsi haidrojeni inavyotengenezwa tumboni na kutolewa mwilini. Kutokana na kazi kama hiyo, madaktari wakapata njia rahisi ya kuchungulia utumbo. Njia ya zamani ilikuwa kumteremshia mgonjwa mpira mwembamba kupitia mdomoni hadi kwenye utumbo, kuvuta maji maji, kisha kuyaotesha maabara na kuhesabu bakteria. Njia hiyo bado ipo, lakini ni ghali na inamchosha mgonjwa.

KIPIMO KINAVYOFANYWA

Maandalizi huanza siku moja kabla. Mgonjwa haruhusiwi kula vyakula vinavyowapa bakteria karamu: githeri, maharagwe, njahi, kabeji, maziwa na matunda matamu. Anaweza kula wali mweupe, mayai au nyama isiyo na mambo mengi. Kisha hulala na njaa, saa 8 hadi 12 bila kula. Asubuhi hasafishi mdomo kwa peremende bali kwa mswaki, havuti sigara, wala hakimbii mbio. Tena asiwe ametumia viuavijasumu kwa muda wa wiki 4 zilizotangulia.

Akifika, anapuliza mara ya kwanza kwenye mfuko au mrija maalum ili ijulikane alianza na gesi kiasi gani. Kisha anakunywa maji yaliyotiwa sukari ya kipimo, ama gramu 75 za glukosi au gramu 10 za laktulosi. Baada ya hapo ni kukaa na kupuliza, kukaa na kupuliza, kila dakika 15 au 20, kwa muda wa saa mbili au tatu. Hakuna sindano wala maumivu. Ukibeba kitabu cha fasihi, utakimaliza.

Mashine husoma gesi kwa sehemu katika milioni. Wataalamu wa Amerika Kaskazini, katika mwongozo uliochapishwa mwaka wa 2017, walikubaliana kwamba haidrojeni ikipanda kwa 20 au zaidi juu ya ile ya mwanzo, kabla ya dakika 90 kwisha, kipimo kinahesabiwa kuwa kimepata bakteria waliozidi. Ishirini katika milioni ni kitu kidogo mno! Katika hesabu ya watu ya mwaka wa 2019, kaunti yetu ya Nyeri ilikuwa na watu 759,164. Hebu fikiria umekusanya umati mkubwa kuliko huo, watu milioni nzima, kisha utafute 20 tu waliovaa kofia nyekundu. Hiyo ndiyo kazi ya hiyo mashine.

SAA NDIYO INAYOSEMA

Hapa naomba tuwe makini, manake ndipo penye kiini cha jambo. Kuwa na haidrojeni si ugonjwa. Sisi sote tunayo, hasa baada ya githeri. Swali ni: imetokea saa ngapi?

Tuchukue mfano wa watu watatu, wote wamekunywa laktulosi. Hii ni sukari ambayo mwili wa binadamu hauwezi kuifyonza, kwa hivyo lazima isafiri njia yote hadi utumbo mpana.

Wanjiru alianza na 3. Dakika ya 30 alikuwa na 4, dakika ya 60 akawa na 5, dakika ya 90 akawa na 6. Dakika ya 120 akaruka hadi 30, kisha 48. Wanjiru ni mzima. Sukari ilipita utumbo mwembamba kimya kimya, ikafika utumbo mpana, na huko wapangaji halali wakaifurahia.

Mwangi alianza na 5. Dakika ya 30 alikuwa na 19, dakika ya 60 akawa na 34, dakika ya 90 akawa na 41. Gesi yake imepanda mapema mno. Daktari atashuku kwamba bakteria wameidaka sukari ikiwa bado njiani.

Nyambura alianza na 1 na akabaki kwenye 1 na 2 hadi mwisho. Je, ni mzima? Ngoja kwanza. Kuna viumbe wengine tumboni ambao huchukua haidrojeni, wakaichanganya na kabonidayoksaidi, wakatengeneza methani. Mashine inayopima haidrojeni peke yake itadanganyika. Ikipima methani pia, inamkuta Nyambura na 22, na mwongozo ule ule wa 2017 unasema 10 au zaidi si ya kupuuza. Watu wa namna hii mara nyingi hulalamikia kufunga choo badala ya kuhara.

MATATU YA NANYUKI

Kipimo hiki kina kasoro zake, na nitazieleza kwa mfano wa barabara yetu.

Tuseme umekaa kilimani, huoni barabara, unasikia sauti tu. Matatu inatoka Nyeri, inapita Kiganjo, inapita Naro Moru, inaelekea Nanyuki. Matatu hiyo ni sukari. Nanyuki ni utumbo mpana, kwenye stendi iliyojaa manamba wanaopiga kelele. Naro Moru na Kiganjo ni utumbo mwembamba, mahali penye utulivu. Ukisikia kelele baada ya saa moja hivi, unajua matatu imefika Nanyuki, na hakuna neno. Ukisikia kelele baada ya nusu saa, unasema, "Lo! Manamba wamehamia Naro Moru!" Huyo ndiye Mwangi.

Lakini je, kama dereva ni wale wa kukimbiza gari kama mwendawazimu? Atafika Nanyuki mapema, kelele zitasikika mapema, nawe utawasingizia watu wa Naro Moru. Ndivyo inavyokuwa kwa mtu ambaye utumbo wake husukuma chakula kwa kasi. Laktulosi yake hufika utumbo mpana kabla ya wakati, na kipimo kinasema ni mgonjwa kumbe hana bakteria wa ziada.

Glukosi inatibu kasoro hiyo kwa kiasi fulani. Glukosi hufyonzwa upesi sehemu ya juu, yaani ni kama abiria ambaye kila siku hushukia Kiganjo. Ukisikia kelele, bila shaka manamba wako Kiganjo. Ubaya wake ni kwamba haitakuambia lolote kuhusu Naro Moru, kwa sababu haifiki huko. Ndiyo maana daktari mwema hasomi karatasi ya mashine peke yake. Huangalia pia mgonjwa, uzito wake, damu yake na historia ya maradhi yake. Pumzi ni shahidi mzuri, lakini kesi haiamuliwi na shahidi mmoja.

CHAI YA SAA NNE

Kipimo hiki kina binamu yake anayetuhusu sana sisi watu wa ng'ombe na chai. Kuna wenzetu ambao wakinywa chai ya maziwa saa nne, kufikia kipindi cha hesabu tumbo linanguruma kama radi ya mwezi wa Aprili. Tunawacheka. Haifai. Maziwa yana sukari iitwayo laktosi, na ili ifyonzwe inahitaji kimeng'enya ambacho watu wazima walio wengi duniani hukipoteza wanapokua. Laktosi isiyomeng'enywa hufika kwa bakteria wa utumbo mpana, na gesi ikafuata. Mgonjwa akinyweshwa laktosi na kupuliza, haidrojeni hupanda.

Afrika Mashariki imechangia sana elimu hii. Mwaka wa 1966, G. C. Cook na S. K. Kajubi walichapisha utafiti kutoka Uganda, wakaonyesha kwamba Baganda wengi hawakuimudu sukari ya maziwa, ilhali watu wengi wa jamii za wafugaji waliimudu. Mwaka wa 2007, Sarah Tishkoff na wenzake walichapisha matokeo ya watu 470 kutoka Tanzania, Kenya na Sudan, wakagundua mabadiliko ya jeni yanayowawezesha baadhi ya jamii zetu kunywa maziwa hadi uzeeni, na mabadiliko hayo ni tofauti na yale ya Wazungu. Katika tafiti hizo walipima sukari kwenye damu badala ya pumzi, lakini wazo ni lile lile: mpe mtu sukari, subiri, kisha upime. Basi anayesumbuliwa na chai ya maziwa hajidekezi. Ajaribu maziwa mala, ambayo bakteria wamekwisha kula sehemu ya sukari yake, au anywe kidogo kidogo.

TUSICHANGANYE VIPIMO

Baadhi ya maabara kubwa za Nairobi hufanya kipimo kingine cha pumzi, cha kutafuta bakteria aitwaye Helicobacter pylori. Huyu hukaa kwenye mfuko wa tumbo na ndiye mmoja wa wasababishi wakubwa wa vidonda. Barry Marshall na Robin Warren wa Australia walipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 2005 kwa kumgundua na kuonyesha madhara yake. Marshall hata alimnywa bakteria huyo mwenyewe mwaka wa 1984 ili athibitishe!

Katika kipimo hicho mgonjwa hunywa yurea yenye kaboni ya aina maalum. Bakteria huyo akiwepo huivunja, na kaboni hiyo hutoka kwenye pumzi ikiwa kabonidayoksaidi. Kwa hivyo mtu akikuambia, "Mimi nilipuliza na sikupatikana na kitu," muulize alipulizia nini. Kipimo cha vidonda hakijibu swali la utumbo mwembamba, na cha utumbo mwembamba hakijibu swali la vidonda.

TUFANYE NINI?

Kwanza, tusiogope kila gesi. Maharagwe yana sukari ambazo binadamu hana kimeng'enya cha kuzivunja, kwa hivyo gesi baada ya githeri ni kawaida. Kuloweka maharagwe usiku kucha na kumwaga yale maji hupunguza mambo.

Pili, tusinunue viuavijasumu kwa kubahatisha. Ukivimeza kabla ya kipimo, unafanya kama mtu aliyeibiwa akafagia nyayo za mwizi kabla polisi hawajafika. Bakteria watapungua kwa muda, kipimo hakitaona kitu, na chanzo cha ugonjwa kitabaki pale pale. Isitoshe, bakteria watakaosalia huzoea dawa, na siku utakayoihitaji kwa kweli haitakufaa.

Tatu, tuchunge maji na usafi. Huko Dhaka, Bangladesh, utafiti uliochapishwa mwaka wa 2016 uliwapima pumzi watoto 90 wa miaka miwili kutoka mtaa wa watu maskini, na karibu mmoja kati ya sita alikuwa na dalili za bakteria kuzidi. Mtoto anayekula na kunyang'anywa chakula tumboni atakua vipi?

Nne, kuna dalili zisizongoja: kukonda bila sababu, kuhara kwa wiki nyingi, damu chooni, miguu kufa ganzi, au homa za usiku. Hapo usimwulize jirani, nenda hospitali. Mashine za kupima haidrojeni si nyingi, lakini daktari anayejua aliyefanyiwa upasuaji, au anayeugua kisukari, atajua pa kumtuma. Mwambie kila kitu, hata yale ya aibu.

Nimalizie hapo, nafasi niliyopewa na mhariri imekwisha. Wanafunzi wenzangu, mkifika nyumbani jioni waulizeni wazee wenu hali za matumbo yao, kwa heshima, na msicheke wakijibu. Kwaherini hadi toleo la mwaka ujao.